Zungusha, Wageni Wamefika

Kwa Fundi, binadamu wote wametengenezwa kwa vitu vitatu tu: mwanzi, faiba na kaboni. Wengine watakutajia udongo na pumzi, lakini hao hawajawahi kutengeneza fimbo ya kuvulia samaki, kwa hiyo Fundi hakuona sababu ya kuwasikiliza.

Mtu wa mwanzi, alisema, ni mrefu, mzuri wa kutazama, na anapenda kukusimulia habari za babu zake. Ukimsahau kwenye unyevu anaota ukungu. Ukimkunja sana hanyooki tena. Anabaki amepinda hivyo hivyo na bado anajisifu. Mtu wa faiba ni nyuzi za kioo zilizogandishwa pamoja: mzito kidogo, hana makeke, lakini mkanyage, mfungie mlango wa gari, mwangushe kwenye ngazi, atainuka na kuuliza chakula kiko wapi. Halafu kuna mtu wa kaboni. Huyo ni mwepesi kama karatasi na mkali kama wembe. Samaki akikohoa tu huko chini ya maji, mkono wako umeshapata habari. Shida yake ni moja. Mgonge ubavuni kidogo tu, hasemi kitu, anakutazama. Halafu siku ya siku, mbele za watu, anakatika paa!

Fundi mwenyewe, kwa vipimo vyake mwenyewe, alikuwa kaboni. Daraja la juu.

"Na mimi?" mkewe alizoea kumuuliza. Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, mtu aliyeshinda kutwa na viumbe vinavyolia, vinavyobisha na vinavyolamba gundi, kwa hiyo akirudi nyumbani hakushtushwa na lolote.

"Wewe bado nakupima."

"Tangu siku ya harusi?"

"Usinikimbize."

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, kimebanwa kati ya mkata vioo na muuza magodoro. Fimbo za wateja zilining'inia ukutani kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa: hii imevunjika ncha, ile imeng'oka pete, ile nyingine imeketiwa na shangazi wa mtu. Mteja wake mkubwa alikuwa daktari wa meno aliyekwenda bwawani kila mwisho wa wiki na kurudi na vipande. Fundi alimpenda sana. Alisali asije akajifunza kuvua.

Lakini kurekebisha fimbo za watu ni jambo moja, na kuzaa yako mwenyewe ni jambo jingine. Mwaka ule Fundi aliamua kutengeneza fimbo ya kaboni kuanzia kitambaa. Ndiyo, kitambaa. Kaboni ikija kwa fundi haiji imenyooka. Inakuja kama shuka jeusi lililolowa gundi. Fundi alilikata pembe tatu ndefu, akaliviringisha kwenye chuma chembamba kama anayeviringisha mkeka wa mdoli, akalibana kwa utepe, kisha akalioka kwenye oveni aliyoiunda kwa bomba la bati na koili za majiko mawili ya umeme yaliyostaafu. Mtaa mzima ukanuka kama tairi lililopata homa. Muuza magodoro alikuja kuuliza kama kuna msiba. Fundi akamwonyesha ufito mweusi, mwembamba, unaong'aa, akamwambia, "Msiba? Mtoto amezaliwa!"

Huku nchani akaunga kipande cha faiba ili fimbo inyumbuke, huko chini akaacha kaboni tupu ili iwe na msimamo. Mpini akaupa kizibo, lile gamba laini la mti linalozibia chupa: vipande vya duara alivyovipanga kama biskuti, akavigandisha, akavipiga msasa mpaka ukiushika unaona kama umepeana mkono na mtu mpole. Kilichobaki ni pete za kupitishia mshipi. Pete hufungwa kwenye fimbo kwa uzi, mizunguko iliyolala sambamba bila hata moja kupanda mgongo wa mwenzake, kisha uzi hupakwa gundi ya chupa mbili iwe ngumu kama kioo. Uzi aliochagua ulikuwa wa zambarau. Alitumia wiki nzima kuufunga, ulimi ukiwa nje kama mtoto anayejifunza kuandika.

Fimbo hiyo haikuwa ya kuvulia samaki. Ilikuwa ya kuvulia wakwe.

Fundi alikuwa na binti mmoja tu, muuzaji wa duka la dawa, na alikuwa na mtihani kwa kila kijana aliyeletwa nyumbani. Alimpa fimbo aishike, basi. Anayeijua dunia ataishika hivi, asiyeijua ataishika vile. Mchumba wa kwanza, mtu wa benki, aliipokea fimbo ya zamani ya kaboni, akaiinua juu kama shujaa kwenye sanamu, feni ya darini ikaipokea upande wa pili. Ncha ikaenda hadi jikoni. Mchumba wa pili aliishika fimbo nyingine vizuri kabisa, akaigeuza, akaitazama, halafu akauliza, "Mzee, hii ni plastiki?" Huyo hata soda hakumaliza.

Ndiyo maana kabla ya wa tatu, Binti alimkalisha baba yake kitako.

"Baba, Jumapili anakuja kinyozi wangu, na mama yake, na baba yake mdogo."

"Kinyozi. Mrefu?"

"Mrefu."

"Mwembamba?"

"Mwembamba."

"Mwanzi," alisema Fundi.

"Baba! Nisikilize. Kazini wamenipa uhamisho kwenda tawi la mbali, kule ambako basi linalala njiani. Nimewaambia nitawajibu Jumatatu. Ukimfukuza huyu kama ulivyowafukuza wale, Jumatatu nasema ndiyo, naondoka, na sitakuletea mwingine. Utabaki na fimbo zako. Zikuite Baba."

Fundi alicheka, lakini cheko lilimkwama njiani. Nyumba bila Binti alishaionja mara moja, Binti alipokwenda kwenye semina. Wiki nzima yeye na mkewe walikuwa wakitazamana mezani kama abiria wawili waliopotelewa na basi.

"Sitamfukuza," alisema. "Nitampa tu fimbo aishike."

"Baba."

"Aishike kidogo."

Jumapili ilipofika, mke na binti waliipiga sebule deki mpaka ikaomba msamaha. Mapazia yalifuliwa. Kabati la vyombo lilifutwa hata juu, mahali ambapo tangu nyumba ijengwe paliwahi kufika mjusi peke yake. Kisha wakatoka, mmoja kwenda kununua soda, mwingine kusukwa nywele, na wakamwachia Fundi amri moja: asiguse kitu.

Fundi alisimama katikati ya sebule, akavuta pumzi. Hakukuwa na vumbi. Hata chembe! Kule karakana, mkata vioo alikuwa akisaga tangu asubuhi na muuza magodoro alikuwa akikung'uta sponji. Ukipaka gundi huko, fimbo inaota manyoya. Lakini hapa! Mtu wa kupaka gundi anaweza kuzeeka bila kuona chumba safi kama hiki. Na fimbo ya mtihani ilikuwa bado haijapakwa. Na wageni walisema watakuja baada ya chakula cha mchana. Kwa Fundi chakula cha mchana ni alasiri, kwa sababu huwa hakumbuki kula mpaka mikono ianze kutetemeka.

Akachanganya gundi.

Sasa, kwa asiyejua: gundi hii ukishaichanganya umeshafunga ndoa nayo. Hairudi kwenye chupa. Unaipaka mbio kwa brashi, halafu fimbo lazima izunguke polepole, bila kusimama, saa kadhaa, mpaka gundi ishike. Ikisimama tu, gundi inateremkia chini, inaning'inia kama kamasi, na inagandia hapo hapo maisha. Kwa ajili hiyo Fundi alikuwa na mota aliyoing'oa kwenye mashine mbovu ya kuchomea kuku. Akaiweka juu ya kabati la vyombo, akaiunganisha na fimbo kwa mkanda wa mpira, akailaza fimbo kutoka kabatini hadi dirishani, ikaikata sebule nzima kwa katikati, usawa wa kifua cha mtu. Akazima feni isipeperushe kitu. Fimbo ikaanza kuzunguka. Zambarau ikang'aa. Fundi akakaa kwenye kigoda kuitazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akasahau kabisa kwamba ana binti.

Akakumbushwa.

"Mungu wangu!" Mkewe alikuwa mlangoni na kreti ya soda. "Hiyo ni nini?"

"Usifunge mlango kwa nguvu!"

"Nimekuuliza hiyo ni nini sebuleni kwangu?"

"Inakauka. Kabla hawajafika itakuwa imeshakauka."

Nyuma ya mkewe akaingia Binti, kichwa kimesukwa vizuri, uso umeharibika. Alimtazama baba yake kwa macho yale ambayo Fundi aliyajua kutoka kwenye fimbo zake: kaboni iliyogongwa ubavuni.

"Itoe," alisema mkewe.

"Nikiigusa sasa imekwisha."

"Na wageni wapite wapi?"

Kabla Fundi hajajibu, mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Nje, sauti nzito ilisema, "Hodi wenyewe!" Na ndani, friji ikakoroma mara moja, ikanyamaza. Umeme ulikuwa umekatika.

Mota ya kuku ikasimama. Fimbo ikasimama.

Fundi aliruka kutoka kigodani, akaushika mpini kwa vidole, akaanza kuizungusha kwa mkono. Mkanda wa mpira ukateleza ukamruhusu. Polepole. Polepole. "Karibuni!" alipaza sauti bila kugeuka.

Aliyetangulia kuingia ni Kinyozi mwenyewe, mrefu hasa, shati limepigwa pasi hadi kwenye mawazo. Akasimama mbele ya fimbo kama gari kwenye kizuizi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Inama."

"Naam?"

"Inama upite chini. Usiguse. Usipumue."

Kinyozi akainama, akapita. Nyuma yake akaja Baba Mdogo, mdogo wa marehemu baba yake, mstaafu wa bima, mtu mwenye tumbo la heshima, anayeongea kana kwamba kila neno linapigwa muhuri. Kuinama kwake kulichukua muda na sauti kadhaa. Mwanzi wa kupaka rangi, Fundi alihukumu kimoyomoyo. Mwisho akaingia mama yake Kinyozi, amebeba keki viganjani mwa mikono yote miwili, amevaa wigi nyeusi kubwa iliyopanda juu kama kofia ya askari wa gwaride. Alipita chini ya fimbo akiwa ameunyoosha mgongo na kukunja magoti tu, uso haukusogea. Huyu naye mwanzi, tena uliokauka, Fundi alisema moyoni. Ukimkunja, kwisha.

Wakaketi upande ule wa fimbo. Mke na Binti wakabaki upande huu. Fundi akabaki penye kabati, anazungusha.

"Bwana Fundi," alianza Baba Mdogo, akisafisha koo, "sisi kama familia, baada ya kukaa na kutafakari kwa kina—"

"Linadondoka!" alipiga kelele Fundi.

"Nini?"

"Tone! Pale kwenye pete ya tatu! Samahani, endelea."

"—kwa kina na mapana, tumeona ni vyema tufike hapa kwenu, kwa unyenyekevu mkubwa, ili—"

"Mke wangu, futa! Futa kwa brashi! Si hapo! Hapo!"

Mkewe akafuta tone kwa brashi, huku akitabasamu kwa wageni tabasamu lile la siku ya wazazi, mtoto wa mtu anapokuwa amejikojolea jukwaani. Baba Mdogo akafunga mdomo. Akafungua kifungo cha koti. Akamtazama shemeji yake, kisha mlango.

"Naona Bwana Fundi ana shughuli," alisema. "Huenda tumekuja siku mbaya. Tunaweza kwenda."

Binti akakaa chini taratibu kwenye mkono wa kochi. Fundi aliona, kwa kona ya jicho, kwamba hakuwa na hasira tena. Alikuwa ameshaanza kufunga masanduku. Fundi akataka kusema kitu kizuri, kitu cha mkwe mwenye adabu, lakini mkono ulikuwa umeshaanza kukaza misuli, na kilichomtoka kilikuwa, "Aaah! Mkono!"

"Baba, nikupokee?" Kinyozi alikuwa ameshainuka.

Hakuna mtu aliyewahi kumpokea Fundi fimbo yenye gundi mbichi. Mkewe alikatazwa. Binti alikatazwa tangu ana meno ya maziwa. Lakini mkono ulikuwa unakufa, na Baba Mdogo alikuwa anafunga tena koti lake, kwa hiyo Fundi akasogea nusu hatua.

Kinyozi akaishika fimbo kwa vidole viwili, kama anavyogeuza kidevu cha mteja anayeogopa wembe. Ikazunguka. Haikuyumba, haikusita. Fundi alitazama zambarau ikipita, ikipita, ikipita.

"Unajua hiki ni kitu gani?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtihani.

Kinyozi akafikiri. "Sijui, Baba. Ila si plastiki. Nimeambiwa nisithubutu kusema plastiki."

Binti akakohoa kikohozi kirefu sana. Mke wa Fundi akageukia ukutani, mabega yakicheza.

"Kaboni," alisema Fundi, na hapo akasahau wageni, akasahau koti la Baba Mdogo. "Hapa chini kaboni tupu. Huku nchani faiba. Unajua kwa nini? Kwa sababu kaboni peke yake ina kiburi, na faiba peke yake ina uvivu. Ukiviunga..."

"Inakuwa na adabu," alisema Kinyozi.

"Inakuwa na nini?"

"Adabu, Baba. Inasikia, lakini haikatiki."

Fundi alimtazama juu hadi chini, safari iliyochukua muda. Mwanzi? Alianza kuwa na wasiwasi na vipimo vyake.

Ndipo mama yake Kinyozi, ambaye tangu aingie hakuwa amesema lolote, akainuka. "Samahani," alisema kwa upole. "Choo kiko wapi?"

"Upande huu, mwenzangu," alisema mke wa Fundi. "Pita tu hapo chini. Taratibu."

Mama yule akaweka keki mezani, akakunja magoti, mgongo umenyooka vile vile, akaanza kupita. Alikuwa katikati kabisa wakati umeme uliporudi.

Friji ikakohoa. Runinga iliyokuwa imesahauliwa bila kuzimwa ikalipuka na mtangazaji wa mpira aliyekuwa akipiga kelele kama nyumba inaungua. Mama akashtuka, akanyoosha magoti. Na mota ya kuku, iliyopumzika vya kutosha, ikaishika fimbo kwa nguvu mpya na kuizungusha.

Wigi ikanasa kwenye pete ya tatu. Nywele zikaingia kwenye gundi, gundi ikazikaribisha, na fimbo ikaondoka nayo.

"Anazunguka! Anazunguka!" mtangazaji alipiga kelele. "Bado anazunguka!"

Wigi ikapanda juu. Ikashuka chini. Ikapanda tena, taratibu, kwa heshima zote, kama kuku wa mwisho dukani. Hakuna aliyesogea. Chini yake alisimama mama wa watu, kichwa chake chenye nywele fupi nyeupe kikiwa wazi mbele ya familia aliyokuja kuiomba mke.

Fundi alikuwa wa kwanza kujua kitakachotokea. Kila mzunguko wigi ilikuwa inajifunga zaidi, na kila mzunguko ilikuwa inachora mstari kwenye gundi. Mota ikiachwa, wigi imekwisha. Mota ikizimwa ili wigi inasuliwe, gundi itateremka na kuning'inia, na fimbo imekwisha. Aliyajua yote hayo kwa kupepesa jicho moja. Alipolipepesa la pili akakuta Binti anamtazama. Hakumkonyeza, hakumwomba. Anamtazama tu, kama mtu anayesoma ubao wa mabasi kutafuta lake linaondoka saa ngapi.

Fundi akapiga mbizi nyuma ya kabati, akang'oa plagi.

Kinyozi alikuwa ameshatoa mkasi mfukoni, kwa sababu kinyozi hata akienda kuchumbia haendi mikono mitupu. Akaushika mkusanyiko ule wa nywele na zambarau, akautazama kwa jicho la kazi. "Baba, zimeshikana. Sasa hivi nikate kimoja. Nikate nywele au nikate uzi?"

Uzi. Wiki nzima ya ulimi nje.

"Kata uzi," alisema Fundi.

Mkewe aliweka chini chupa ya soda. Binti alisimama. Katika nyumba ile maneno hayo mawili hayakuwahi kusikika yakifuatana.

"Kata uzi, mwanangu, mrudishie mama kichwa chake. Mama, nisamehe. Kosa langu, na la kuku."

Na hapo, kutoka chini ya fimbo, mama yule aliyenyooka kama rula akaanza kutetemeka. Fundi akadhani analia. Akasogea kumshika, akagundua kwamba mama anacheka, anacheka mpaka akakaa chini sakafuni na mkono tumboni.

"Nani akate uzi?" alisema alipopata pumzi. "Uzi mzuri namna hii? Weee! Kata hiyo wigi! Tangu asubuhi inaniwasha kama nimevaa paka. Huyu huyu ndiye aliyenilazimisha nivae," akamnyooshea kidole Baba Mdogo, "eti niheshimike! Kata! Na nyinyi mbona mmesimama? Si mnasema inataka kuzungushwa? Zungusheni, inadondoka hiyo!"

Ilikuwa kweli. Inadondoka. Fundi akaudaka mpini, Binti akaruka na brashi, mke wa Fundi akazima runinga, Kinyozi akakata nywele moja moja kama anamnyoa mfalme. Mama Kinyozi akavuta kigoda, akaketi kichwa wazi, akapokea ncha ya dirishani. "Hivi?"

"Hivyo hivyo, mama! Usiharakishe."

"Mimi nimelea watoto kwa kuwazungusha mgongoni. Usinifundishe."

"Naam, kama nilivyokuwa nikisema," alianza Baba Mdogo, "kwa kina na mapana—"

"Shemeji, kaa chini ukate keki," alisema Mama Kinyozi. "Wanataka kuoana. Sisi tumekubali. Nyinyi?"

"Tumekubali," alisema mke wa Fundi haraka, kabla mumewe hajapima kitu.

Fundi alikuwa akimtazama mama yule aliyekunjwa mbele za watu, akanyang'anywa wigi na mashine ya kuku, na bado akainuka kuuliza kazi iko wapi. Mwanzi! Alikuwa amemwita mwanzi! Faiba safi, na yeye hakumjua.

Jioni, gundi ilipokuwa haishiki tena vidole, keki imeisha na feni imewashwa kwa ajili ya joto la Baba Mdogo, Fundi aliitoa fimbo kwenye vishikizo vyake. Pale kwenye pete ya tatu, ndani ya gundi iliyong'aa kama kioo, zilibaki nywele tatu nyeusi zimelala juu ya zambarau. Hazitatoka tena mpaka mwisho wa dunia.

"Shika," alimwambia Kinyozi. "Kwenye kizibo tu."

Binti akafumba macho. Kinyozi akaupokea mpini, na kabla hajainua kitu chochote, akatazama juu, akaiona feni, akapiga hatua moja nyuma, ndipo akainua.

Fundi alikwenda mwenyewe jikoni, akamletea soda ya pili.

Jumatatu Binti alirudi kazini akawaambia haendi popote. Fimbo ilitundikwa karakana, juu ya zile za wagonjwa, na daktari wa meno alipouliza zile nywele ni kaboni ya aina gani, Fundi alimjibu kwamba hiyo haiuzwi.

"Basi umeshawapima wote," alisema mkewe, wakiosha vyombo jioni moja. "Kinyozi?"

"Chini kaboni, nchani faiba. Mchanganyiko."

"Mama yake?"

"Faiba. Nilikosea."

"Shemeji wa hotuba?"

"Mwanzi. Hapo sikukosea."

"Na mimi?"

Fundi akafuta sahani iliyokwishakauka. "Wewe bado—"

"Basi ngoja nikuambie wewe ni nini, maana mimi kukupima nilimaliza zamani. Kaboni, kaboni, kila siku kaboni! Wewe ni kizibo."

"Kizibo?"

"Kizibo. Mwepesi, laini, umejaa matundu, na ukisukumwa chini lazima uibuke kupiga kelele." Akamtia sahani nyingine mkononi. "Ila nikikushika, sitelezi."

Fundi aliziweka chini sahani zake mbili. Akaenda hadi karakana, akaushika mpini wa fimbo ya zambarau, akaubinya kidogo. Ukabonyea, ukarudi.

"Kizibo cha daraja gani?" alipaza sauti kutoka kule.

"Rudi ufute vyombo!"